Gustave, Zimwi la Mto Ruzizi

Zimwi, kwa maana inayotumika katika sura hii, ni kiumbe ambacho jamii hukitwika hofu iliyokosa mahali pengine pa kuitua, kiwe cha kubuni au kiwe mnyama halisi aliyekuzwa na masimulizi. Bujumbura mzigo huo umebebwa na mamba mkubwa mwenye makovu, aliyekuwa akionekana katika delta ya mto Ruzizi, yaani pale ambapo mto huo utokao Ziwa Kivu hugawanyika na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, magharibi ya jiji. Jina la Gustave alipewa na Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 alijaribu kumnasa kwa kizimba kikubwa cha chuma, asifaulu.

Husimuliwa kuwa Gustave ana urefu unaozidi mita 6 na kwamba ameua watu wapatao 300. Hakuna aliyempima, wala waliouawa hawakuorodheshwa kwa majina, lakini linalostahili kuchunguzwa zaidi ni wakati ambapo sifa hizo zilienea. Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, Burundi iliingia katika vita vilivyoangamiza watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, na baadhi ya maiti zilitupwa mtoni bila kuzikwa; ndipo wengi wakaamini kwamba mamba wa Ruzizi wamezoea nyama ya binadamu kwa kuwa binadamu wenyewe ndio waliowalisha. Ni kweli kwamba mamba hula mizoga, ingawa hilo pekee halithibitishi dai lenyewe. Hata hivyo dai hilo ni ushuhuda mzito, kwani linamtaja mnyama huku likimshtaki mtu, na katika nchi ambamo kumtaja hadharani aliyemuua jirani kungeweza kuleta kifo kingine, mamba alitajika bila woga.

Afrika Mashariki ilikwishapitia jambo la namna hii. Enzi za ukoloni, Nairobi na Kampala, wengi waliamini kuwa wazimamoto walikuwa mumiani, yaani watu wanaoteka wenzao usiku na kuwanyonya damu, na mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, aliuchukulia uvumi huo kuwa ushahidi wa jinsi watawaliwa walivyouelewa utawala uliotumia miili yao bila kuwaeleza sababu.

Filamu ya Kimarekani *Primeval* ya mwaka 2007 ilimchukua Gustave na kuvigeuza vita vya Burundi kuwa mandhari ya kutisha tu, na hivyo ikapoteza kiini cha habari yenyewe. Lakini hata masimulizi ya nyumbani yana gharama yake: kila shambulio linapohesabiwa kwa mamba mmoja, mamba wengine wa delta husahaulika, na mvuvi anayeingia majini alfajiri hudhani yu salama kwa sababu tu Gustave hajaonekana siku nyingi.