GARI BOMBA, JE BOMBA LA MOSHI?

Vijana wa mjini mna mambo! Kaa kibarazani Kinondoni jioni ya Ijumaa, nusu saa haikatiki hujasikia gari linanguruma kama simba aliyebanwa mkia na mlango. Unageuka kwa heshima zote ukitegemea kuona Ferrari, kumbe ni Celica ya mwaka 1994, rangi imepauka, bampa limeshikwa kwa waya, ila huko nyuma kuna mdomo wa bomba ambao kuku anaweza kutagia. Wenzangu hucheka. Mimi huwa sicheki sana, kwa sababu Celica nazipenda.

Na si mapenzi ya bure. Gari hili lilishinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1984, 1985 na 1986, likarudia 1990, kisha likachukua mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Ile ya kizazi cha sita, yenye taa nne za mviringo usoni, ilitengenezwa Japani kati ya mwaka 1993 na 1999. Maana yake hata iliyo changa kabisa imeshapita miaka 25, na kwa umri huo ekzosi yake ya kiwandani imeshaoza au imeshachomelewa viraka kama suruali ya mvuvi. Lazima ununue nyingine. Swali ni ipi.

MAKELELE SI NGUVU

Tuelewane hapa kwanza, mpenzi msomaji. Ekzosi haiongezi nguvu kwa kupiga kelele, inaongeza kwa kuiacha injini ipumue. Injini ya 3S-GE ya Celica, yenye sisi 1998, ikiwa haina tabo, ukiibadilishia bomba la nyuma na sailensa tu utapata nguvu za farasi chache sana, pengine usizisikie hata mguuni. Ukiona gari limekuwa jepesi, mara nyingi ni masikio yanakudanganya.

Wenye GT-Four, ile ya tabo, hao wana haki ya kujidai kidogo. Tabo hupenda njia iwe wazi mbele yake, kwa hiyo bomba pana lenye mikunjo michache huonyesha tofauti ya kweli.

UKUBWA WA BOMBA

Mafundi wengi mtaani watakwambia, "Dogo, tukuwekee la inchi tatu, gari litaruka!" Kwa injini ya lita mbili isiyo na tabo hilo ni tamaa. Moshi unaotoka kwa kasi kwenye bomba la kiasi husaidia kuvuta nje moshi unaofuata. Ukilipanua mno, moshi unapoa, unapoteza kasi, na gari linakuwa zito kuondoka kwenye taa. Inchi mbili na robo hadi mbili na nusu inatosha. Inchi tatu waachie wenye tabo.

Kona nazo zina maneno yake. Zipo zinazokunjwa kwa mashine yenye kijiti ndani ili bomba libaki duara, na zipo zinazokunjwa kibabe mpaka bomba linabonyea. Hizo za kubonyea zinapunguza njia palepale kwenye kona, hata kama umelipia inchi mbili na nusu. Chungulia na upapase kwa mkono kabla hujatoa mshiko.

CHUMA GANI?

Sisi wa pwani tuna adui anaitwa chumvi. Lakini kutu haitoki nje tu. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Gari la kwenda dukani na kurudi halipati joto la kukausha maji hayo, basi yanatulia ndani ya sailensa na kuila taratibu.

Chuma cha kawaida ni rahisi mfukoni lakini hakidumu. Kilichopakwa aluminiamu kinavumilia zaidi. Chuma kisichoshika kutu ndiyo mfalme, ila nacho kina madaraja. Kile cha namba 304 kinastahimili sana, na kwa kawaida sumaku haikishiki vizuri. Kile cha 409 sumaku inakinasa na kwa juu hupata kutu kidogo. Basi nenda na kisumaku mfukoni, muuzaji akianza longolongo unacheka kimoyomoyo.

Ukiangukia ekzosi ya mtumba kutoka Japani, kama za HKS au Fujitsubo, itazame kama ina kibati cha JASMA, chama cha watengenezaji wa sailensa za michezo wa huko. Kibati hicho kina maana sailensa ilitengenezwa kwa kufuata kiwango cha kelele. Halafu itikise. Ikilia njugu ndani, iache hapohapo.

MASEGA YASIGUSWE

Kuna mchezo umeenea: fundi anakwambia masega yanabana injini, anayakata, anaweka bomba tupu, nawe unampa na asante. Ndani ya masega yale kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei mbaya. Kwa hiyo umemlipa mtu akuchukulie mali yako! Kama kweli yameziba, yabadilishwe. Kazi yake ni kupunguza sumu kwenye moshi.

Na hapa sitanii. Mwaka juzi binamu yangu alichomelewa ekzosi kwenye gereji moja ambayo jina lake naliweka kapuni. Walitoa masega, kisha wakaliishia bomba chini ya buti, halikufika nje ya bampa. Sauti ilikuwa babu kubwa. Tukapakiana kwenda harusini Bagamoyo, mama mkubwa mbele, mimi nyuma na mtoto wa dada, vioo juu kwa sababu ya kiyoyozi.

Tulipofika Mapinga mama mkubwa akashika kichwa. "Mwanangu, hili gari lako lina mdudu gani? Natapika mimi." Binamu akamjibu, "Ni joto mama, tunakaribia." Mimi nikamtazama mtoto. Amelala, nikamtikisa, akafumbua macho na kuyafumba tena. Nikapiga kelele gari lisimame. Tulishuka wote, tukakaa chini ya mwembe karibu saa nzima ndipo mtoto akaomba maji na mama mkubwa akapata nguvu za kugomba. Kutoka hapo tulipanda daladala.

Fundi mwingine alipolinyanyua gari alikuta kiungo kinavuja na raba ya mlango wa nyuma imechanika. Moshi ulikuwa unaingia kwa abiria. Ndani ya moshi ule kuna kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu kuliko oksijeni zaidi ya mara 200. Unasinzia na huamki. Kichwa kikiuma kwa wote waliomo garini, usitafute panadol. Simamisha gari, shusha watu, wapate hewa, na asiyepata nafuu haraka apelekwe hospitali.

KABLA HUJALIPA

Kwa hiyo hakikisha haya, hata fundi akinuna. Mdomo wa bomba utokeze nje ya bampa. Injini ikiwa ya baridi, mwambie mtu azibe mdomo wa bomba kidogo kwa kitambaa kinene, wewe sikiliza kama kuna "psss" kwenye viungo. Uvujaji ulio mbele ya sensa ya oksijeni humdanganya kompyuta wa gari kwamba petroli ni chache, akazidi kuimwaga, nawe utalia kituo cha mafuta. Bomba lisining'inie chini, matuta yetu mnayajua. Halafu liendeshe kwa mwendo wa 80 kwa dakika kumi. Kama linavuma kichwani kama nyuki ndani ya ndoo, mwambie aongeze sailensa ndogo ya katikati.

Nakubali, gari la michezo lisilo na sauti ni kama taarab isiyo na vijembe. Sauti iwepo, ila iwe ya kiume, ya chini, inayoamka ukikanyaga na kulala ukiingia mtaani kwa watu wenye wagonjwa na watoto wachanga. Fedha ukiwa nayo kidogo, tengeneza viungo na raba za milango kwanza. Mdomo unaong'aa utanunua mwisho wa mwezi, ukiwa hai.