Shahada ya Mtandaoni: Piga Hesabu Nje ya Ada

Matangazo ya shahada za mtandaoni hukuonyesha ada, kisha hukuacha ujihesabie mwenyewe nauli na kodi ya chumba utakayookoa. Hesabu hiyo si uongo, ila ni nusu.

Tuanze na bando, maana ndilo linalosahaulika. Kipindi cha video cha saa moja hula kama nusu GB hadi GB nzima. Masomo matano, kila moja saa mbili kwa wiki, muhula wa wiki 15: hizo ni saa 150, yaani GB 75 hadi 150, na bado hujapakua kitabu hata kimoja. Zidisha kwa bei ya bando la mtandao unaoshika vizuri mtaani kwenu, siyo ule wa bei rahisi usioshika. Ongeza kompyuta mpakato. Utafiti wa mwaka wa mwisho hauandikwi kwenye simu, ingawa wapo wanaojaribu. Anayekaa bweni hulipiwa umeme, meza na intaneti ya maktaba ndani ya ada yake. Wewe vyote hivyo unavinunua mwenyewe, na umeme ukikatika ni shauri lako. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Uliza mapema: hilo likitokea siku ya mtihani, kanuni za chuo zinasemaje?

Chuo cha nje kina jambo lake jingine, dola. Wakenya hawajasahau: Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160, na baada ya miezi michache ikashuka hadi karibu 130. Ada ya dola 1,000 ikapishana kwa shilingi 30,000 hivi, kutegemea tu ulilipa mwezi gani. Hata neno “bure” lipimwe. University of the People cha Marekani, kilichoanzishwa 2009, hakitozi ada ya mafunzo, lakini kila kozi ina malipo ya tathmini, na shahada ya kwanza ina kozi kama 40.

Hasara kubwa kuliko zote ni kulipa, kusoma, kuhitimu, halafu cheti kikakataliwa. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Karachi ilikuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwepo, vyenye tovuti za kupendeza kweli. Kwa Tanzania, anayetambua shahada za nje ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Waandikie kabla hujatuma senti. Ukisubiri mpaka uhitimu, utakuwa unaomba huruma.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinakuondolea mashaka ya dola na ya kutambuliwa, na kina vituo mikoani. Kwa mtu mwenye ajira, ningeanzia hapo. Lakini hakikuondolei upweke. Hakuna mwenzako wa chumbani wa kukuamsha, wala kundi la majadiliano chini ya mwembe. Sapu, yaani mitihani ya kurudia, zikirundikana, shahada ya miaka mitatu huvuka mitano, na kila mwaka wa ziada una gharama zake. Anayelinganisha bei aulize wangapi humaliza kwa wakati. Chuo kikikwepa swali hilo, hilo nalo ni jibu.

Kijana aliyetoka kidato cha sita, hasa akipata mkopo wa Bodi ya Mikopo, simshauri akimbilie mtandaoni. Bumu (posho ya mkopo huo), marafiki na wahadhiri wanaomjua kwa jina vitamfaa zaidi ya nauli aliyookoa. Uuguzi na uhandisi hata tusijadili: wodi na karakana haziingii kwenye kioo cha simu. Na kama unasomea kupanda cheo, mwombe afisa utumishi akuthibitishie kwa maandishi kwamba shahada hiyo itahesabiwa. Jibu la mdomo la korido usilichukue.