Kabla ya Kuulaumu Mkongo, Ikague Swichi Pepe

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Siku ile aliyesema mtandao uko chini alikuwa na ushahidi. Vipimo vya kimataifa vilionyesha trafiki ya nchi ikiporomoka, na chanzo kikajulikana ndani ya saa chache. Siku nyingine kauli hiyohiyo hutolewa bila kipimo chochote. Karani anabonyeza, ukurasa hauji, mwananchi aliye dirishani anaambiwa mtandao unasumbua, na lawama inakwenda moja kwa moja kwenye mkongo au mnara wa simu. Ninachodai hapa ni kwamba lawama hiyo inabaki dhana tupu mpaka swichi pepe iliyomo ndani ya seva ipangwe kutoa taarifa za mikondo ya data inayopita kwake, kwa sababu upo msongamano unaotokea mahali ambapo vipimo vya kawaida havifiki kabisa.

Suala hili linaigusa Nakapanya kuliko linavyoigusa Kariakoo. Nakapanya iko wilayani Tunduru, mkoani Ruvuma, kwenye barabara itokayo Masasi, na wajenzi wa lami waliifanya kuwa mpaka wa vipande viwili: Mangaka hadi Nakapanya kilomita 70.5, kisha Nakapanya hadi Tunduru kilomita 66.5. Fundi anayetoka Tunduru mjini kuja kukagua ruta ambayo haina kosa husafiri kilomita 133 kwenda na kurudi, na akitokea Songea, makao makuu ya mkoa, safari yake ni ndefu zaidi. Wakati huohuo mambo ya watu yamehamia kwenye mifumo. Korosho ya Tunduru hukusanywa na vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, huuzwa kupitia chama kikuu cha ushirika, TAMCU, na katika msimu wa 2024/2025 minada ya zao hilo ilipitishwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Zahanati na vituo vya afya vya umma vina mfumo wa GoTHOMIS wa kuandikisha wagonjwa na kukusanya malipo. Mfumo ukigoma, mkulima au mgonjwa ndiye anayesubiri, na yeye hana namna ya kujua kosa liko wapi.

Kosa linaweza kuwa katika sehemu tatu. Linaweza kuwa ofisini penyewe, kwenye nyaya na vifaa. Linaweza kuwa njiani, kwenye mnara, redio au mkongo. Na linaweza kuwa mwisho wa safari, ndani ya seva inayotoa huduma. Sehemu mbili za kwanza zina vipimo vyake na mafundi wamezizoea. Ya tatu ndiyo yenye giza. Siku hizi kompyuta moja yenye nguvu hugawanywa kwa programu maalumu ikawa mashine nyingi, kila moja ikijiona iko peke yake: moja inashika hifadhidata, nyingine tovuti, nyingine nakala rudufu. Hizo ndizo mashine pepe. Ili ziwasiliane, programu hiyo hutengeneza swichi isiyo na umbo wala waya, yaani swichi pepe, ambayo huhamisha data kutoka mashine moja hadi nyingine ndani ya kumbukumbu ya kompyuta ileile. Chukua mfano wa ghala la korosho lenye mzani getini. Mzani utahesabu kila lori linalotoka, lakini magunia yakihamishwa usiku kucha kutoka rundo moja hadi jingine ndani ya ghala, na vibarua wote wakashikwa na kazi hiyo, mzani hautaandika hata kilo moja. Swichi ya kawaida iliyo nje ya seva ndiyo mzani huo. Mashine ya tovuti na mashine ya hifadhidata zikiwa juu ya kompyuta moja na kwenye mtandao mmoja wa ndani, mazungumzo yao hayafiki kwenye waya, na kifaa kilicho nje hakiwezi kuyaona hata kikiwa cha bei mbaya.

Dawa yake ni rekodi ya mikondo. Mkondo ni mfululizo wa pakiti zenye sifa zilezile: anwani ya IP ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, poti ya kila upande, na itifaki inayotumika. Swichi haihifadhi maneno yaliyosemwa. Inaandika nani alizungumza na nani, kuanzia lini hadi lini, kwa pakiti ngapi na baiti ngapi. Kampuni ya Cisco ilianzisha utaratibu huu mwaka 1996 kwa jina la NetFlow. Baadaye jumuiya ya wahandisi wa intaneti, IETF, ikautengenezea kiwango kisichofungwa na kampuni yoyote, IPFIX, ambacho toleo lake la msingi linalotumika sasa, RFC 7011, lilitoka mwaka 2013. Upo pia sFlow, ambao hufanya kazi kwa kuchukua pakiti chache tu kama sampuli. Kwa seva za halmashauri au za ushirika ningechagua IPFIX, kwa kuwa inabeba anwani za IPv6 ambazo NetFlow toleo la 5 haizijui, na kwa kuwa inaeleweka na programu nyingi za kukusanyia.

Kuiweka kunahitaji uangalifu kuliko nguvu. Katika vSphere, programu ya VMware ya kuendesha mashine pepe, kazi hii hufanyika kwenye swichi pepe iliyosambazwa, ile inayounganisha seva kadhaa chini ya mpangilio mmoja. Swichi ya kawaida ya seva moja haina uwezo huo. Fundi huandika anwani ya mashine itakayokusanya rekodi pamoja na poti yake. IPFIX imetengewa 4739, ingawa wengi bado hutumia 2055 waliyoizoea enzi za NetFlow. Kisha huipa swichi anwani yake ya IP, ili mkusanyaji aione kama kifaa kimoja badala ya kuona kila seva kivyake. Halafu kuna vikomo viwili vya muda vya kufunga rekodi. Cha kwanza ni cha mkondo ulio hai, sekunde 60 kwa kawaida: mkondo ukidumu muda huo, taarifa yake hutumwa hata kama haujaisha. Cha pili ni cha mkondo ulionyamaza, sekunde 15. Ukirefusha cha kwanza hadi nusu saa, uhamishaji mkubwa wa data utaonekana kama mshindo mmoja uliotokea mwishoni, na utakosea saa ya tukio. Baada ya hapo kuna hatua ambayo ndiyo huangusha wengi: kuiwasha kwenye swichi hakutoshi, lazima ufuatiliaji uwashwe pia kwenye kila kundi la poti ambalo mashine pepe zimechomekwa. Bila hilo mkusanyaji atakaa siku nzima bila kupokea kitu, na fundi atadhani mtandao wake ni mtulivu.

Lipo chaguo jingine humohumo linaloamuru swichi ishughulike na mikondo ya ndani peke yake. Linafaa pale ambapo swichi ya nje nayo inatoa rekodi zake, maana bila hivyo safari moja itahesabiwa mara mbili na hesabu ya jumla itakuwa ya uongo. Kama swichi ya nje haitoi rekodi, chaguo hilo lizimwe. Kuhusu sampuli, maana yake ni kusoma pakiti chache tu badala ya zote. Kwenye kituo kikubwa chenye trafiki nzito sampuli ni ya lazima. Kwenye seva mbili tatu ni hasara, kwa sababu mikondo midogo hupita bila kuonekana, na mara nyingi mikondo hiyo midogo ndiyo inayobeba dalili za uvamizi. La mwisho ni saa: seva zote pamoja na mkusanyaji zilinganishwe kwa NTP, itifaki ya kusawazisha saa. Rekodi iliyopishana na saa halisi kwa dakika kumi haiwezi kumsaidia mtu anayetaka kujua ni nini kilitokea mnada ulipokwama.

Rekodi hizi zinafichua mambo ya namna gani? Tuchukue hesabu ya kawaida kabisa. Ofisi ina laini ya megabiti 10 kwa sekunde, na usiku hutuma nakala rudufu ya gigabaiti 50 kwenda kituo cha mbali. Gigabaiti 50 ni megabiti 400,000. Kwa laini hiyo zinahitaji sekunde 40,000, yaani zaidi ya saa 11, hata kama hakuna mtu mwingine anayeigusa laini. Kazi ikianza saa nne usiku itaisha baada ya saa tatu asubuhi. Wafanyakazi watakaofungua ofisi saa moja na nusu watakuta laini imejaa, watasema mtandao unasumbua asubuhi na hutulia baadaye, na watakuwa wamesema kweli kuhusu dalili huku wakikosea kuhusu chanzo. Rekodi za mikondo zitaitaja mashine, anwani inakokwenda data, na saa. Tiba itakuwa kuituma nakala ya mabadiliko tu badala ya kila kitu, na hakuna atakayelazimika kwenda barabarani.

Pingamizi la kwanza ni gharama, na lina uzito. Swichi iliyosambazwa ya VMware haimo katika leseni za chini, na tangu Broadcom iinunue kampuni hiyo Novemba 2023, leseni za kudumu zimeondolewa na kubaki za kulipia kwa muda. Lakini uwezo huu haufungwi na VMware. Open vSwitch ni programu huria, hutumika juu ya Linux na ndani ya Proxmox, nayo hutoa NetFlow, sFlow na IPFIX bila malipo. Programu kama nfdump hupokea na kuchambua rekodi, nayo ni ya bure. Nafasi ya kuhifadhia pia si kubwa. Rekodi moja ya NetFlow toleo la 5 ni baiti 48, hivyo mikondo milioni moja kwa siku huchukua chini ya megabaiti 50, na mwezi mzima ni kama gigabaiti moja na nusu. IPFIX inaweza kuzidi hapo kulingana na taarifa utakazochagua, lakini diski ya kompyuta ya mezani bado itatosha. Anayesema swichi itailemea prosesa ana haki ya kuuliza, na jibu lake ni kuanza na kundi moja la poti, kupima, kisha kuongeza.

Wengine husema ukuta wa kinga mtandao unatosha. Ukuta huona kinachovuka lango. Haukioni kinachotembea kati ya majirani. Kirusi cha WannaCry, kilicholipuka tarehe 12 Mei 2017, kilienea kwa kurukia mashine za jirani kupitia poti 445, na huko Uingereza kiliathiri angalau taasisi 80 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma. Mashine moja ikianza ghafla kubisha hodi kwenye poti hiyo kwa majirani zake wote, rekodi za swichi pepe huonyesha jambo hilo ndani ya dakika chache, wakati ukuta ulioko langoni haujui chochote. Na anayependelea kunasa pakiti zenyewe akumbuke kwamba sehemu kubwa ya mawasiliano ya leo imesimbwa; atajaza diski kwa data asiyoweza kuisoma.

Pingamizi zito kuliko yote ni la faragha, na nisingependa lipuuzwe. Rekodi ya mkondo haina maneno ndani yake, lakini katika kituo kidogo chenye wahudumu wachache, kujua kwamba kompyuta fulani ilifungua anwani fulani saa tisa usiku ni karibu sawa na kumtaja mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na lililo wazi. Kwa hiyo ufuatiliaji huu uwe na waraka ulioandikwa: lengo lake ni afya na usalama wa mtandao, rekodi za kina zinafutwa baada ya muda uliotajwa (siku 30 zinatosha kwa makosa mengi), wanaoweza kuzifungua ni watu wawili au watatu wanaojulikana kwa vyeo, na wafanyakazi wote wameambiwa. Rekodi husafiri kwa UDP, mara nyingi bila kusimbwa na bila hakikisho la kufika, hivyo zipitishwe kwenye mtandao pepe uliotengwa (VLAN) kwa ajili yake peke yake. Mkuu wa kitengo anayetaka kuzitumia kumvizia mtumishi asiyempenda akataliwe kwa maandishi.

Afisa TEHAMA wa halmashauri au wa chama cha ushirika anaweza kuanza wiki hii kwa swichi moja, kundi moja la poti na mkusanyaji mmoja. Na wanaoandika mikataba ya mifumo inayotumiwa na vijiji vya mbali waongeze kifungu kimoja: mtoa huduma awe na rekodi za mikondo kutoka kwenye swichi pepe zake, na atoe muhtasari wake kila mteja anapolalamika kwamba mfumo umekwama. Malalamiko ya Nakapanya yajibiwe kwa takwimu hizo kabla fundi hajatumwa kukagua mnara.