Udongo Mweusi wa Malisho ya Nyandarua

Mtu anayepanda kutoka Naivasha kwenda Kinangop huona mabadiliko makubwa katika mwendo mfupi. Bondeni ardhi ni kavu, yenye vumbi la kijivu. Akifika juu, penye mita 2,400 na kuzidi, hewa huwa baridi, nyasi humea kwa mafungu, na kadiri anavyokaribia mlima ndivyo udongo wa mitaroni unavyozidi kuwa mweusi, hata ukafanana na masizi ya chungu. Wakulima wengi wamezoea kuamini kwamba udongo mweusi ndio wenye rutuba. Hata hivyo, mwenye kuvunja malisho yake na kupanda viazi pasipo mbolea aghalabu huvuna vidogo vidogo, na pengine ng'ombe aliyezungukwa na majani mengi hukonda mpaka mbavu zikahesabika. Wengine husingizia mbegu, wengine husingizia wadudu. Yafaa kwanza kuutazama udongo wenyewe, na jinsi ulivyotokea.

Milima ya Nyandarua, ambayo katika ramani nyingi huandikwa Aberdare, ilijengwa na volkeno mamilioni ya miaka iliyopita. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Ol Donyo Lesatima, hufika karibu mita 4,000. Volkeno hutoa vitu vya namna mbili. Kwanza ni mwamba ulioyeyuka, ambao hutiririka na kuganda polepole. Pili ni majivu yarushwayo juu na kuanguka mbali. Majivu haya si kama yale ya jikoni. Ni mwamba uliopoa hewani kwa ghafula mno, hata ukawa chembe ndogo za kioo. Kioo cha namna hiyo, kikinyeshewa mvua, huoza upesi kuliko mwamba ulioganda polepole, na huacha udongo wenye alumini na chuma zilizo tayari kushikana na kila kitu kinachopita karibu.

Kitu kimoja kinachokamatwa ni mboji. Katika nchi ya joto majani na mizizi iliyokufa huliwa na vijidudu upesi, na mboji yake haidumu. Juu mlimani mambo ni tofauti. Kila mita 100 mtu anazopanda, joto hupungua kwa nusu digrii na zaidi kidogo, na baridi hiyo huwachelewesha vijidudu. Tena alumini huishikilia mboji isipate kuliwa. Basi hujikusanya karne kwa karne, hata yaweza kufika sehemu 10 katika 100 za uzito wa udongo, au kuzidi. Hiyo ndiyo asili ya weusi ule. Ni alama ya majivu na ya baridi. Si ushahidi kwamba chakula cha mmea ki tayari. Upande wa chini wa milima hiyo hiyo, huko Murang'a na Kiambu, mwamba wa volkeno umeoza katika joto zaidi, ukawa udongo mwekundu unaopandwa kahawa na chai.

Wataalamu huuita udongo mweusi wa majivu andosoli. Neno hilo limetokana na Kijapani, na maana yake ni udongo wa rangi ya giza. Lilianza kutumiwa mwaka 1947 na Wamarekani waliokuwa wakipima ardhi ya Japani, nchi yenye volkeno nyingi. Katika dunia nzima udongo huu haupatikani ila katika kama sehemu moja kwa mia ya nchi kavu.

Mtu asiye na vyombo vya maabara aweza kuutambua kwa mikono yake. Achukue bonge bichi na kulisugua kwa nguvu baina ya vidole. Mara moja litateleza kama sabuni na kutoa maji, ingawa kabla ya hapo lilionekana gumu kidogo. Alama ya pili ni wepesi. Udongo wa kawaida unaoweza kujaza debe la lita 20, ukikatwa bila kuvurugwa na kukaushwa, huwa na uzito wa kama kilo 26; andosoli ya kiasi hicho haizidi kilo 18. Nafasi iliyobaki ni vitundu vidogo visivyohesabika, na ndani ya vitundu hivyo ndimo maji ya mvua yanamohifadhiwa. Kwa sababu hiyo mito inayoshuka kutoka Nyandarua huendelea kutiririka hata miezi ya kiangazi, na bwawa la Sasumua, lililoko Kinangop, huweza kupeleka maji mpaka Nairobi.

CHAKULA KILICHOFUNGIWA

Jambo linalomgharimu mkulima fedha ni fosfeti. Mmea hauwezi kutia mizizi wala mbegu bila fosfeti, na mnyama hawezi kujenga mifupa. Lakini alumini na chuma ya udongo wa majivu huikamata kama zinavyoikamata mboji. Katika kipimo cha maabara, andosoli aghalabu hushika sehemu 85 na zaidi katika kila sehemu 100 za fosfeti iliyotiwa, na mmea huachiwa kidogo tu kilichobaki. Basi mtu anaponunua gunia la mbolea na kuimwaga shambani kote kwa kuirusha, kama arushavyo mbegu za ngano, ni kama anaulisha udongo badala ya kulisha mmea. Iliyo afadhali ni kuiweka mbolea katika mstari, karibu na mbegu, ili mizizi michanga iifikie kabla haijakamatwa. Samadi nayo husaidia sana, kwa kuwa mboji yake hushindana na fosfeti katika kushikana na alumini ile, na fosfeti fulani hubaki huru.

Katika malisho upungufu huu huonekana kwanza kwenye klova. Klova nyeupe ya Kenya ni mmea wa asili wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Ni wa jamii ya kunde, nao huleta naitrojeni kutoka hewani na kuwagawia majirani zake, hasa ile nyasi ya Kikuyu ambayo imechukuliwa kutoka nchi hizi na kupandwa Australia, Hawaii na kwingineko. Palipo na fosfeti klova hustawi, na nyasi hunenepa pamoja nayo. Ikikosekana, klova hufifia, na nyasi hugeuka manjano katikati ya mvua.

Yapasa kuongeza kwamba uwanda wa Kinangop wenyewe hauna andosoli kila mahali. Hiyo hupatikana zaidi katika miteremko ya mlima. Sehemu kubwa ya uwanda ilifunikwa na majivu yaliyogandamana yakawa jiwe laini, na juu yake kuna udongo mwepesi uliolala juu ya tabaka gumu la ufinyanzi. Maji ya mvua hufika kwenye tabaka hilo na kusimama. Ng'ombe wakiachwa hapo wakati wa mvua nyingi huikanyaga ardhi ikawa tope, na mizizi hukosa hewa. Huko mtaro wa kuondoa maji huweza kuwa na faida kuliko gunia la mbolea.

UGONJWA USIO NA MDUDU

Katika miaka ya 1920 wenye ng'ombe karibu na Nakuru, mahali ambapo udongo pia umetokana na volkeno za Bonde la Ufa, walisumbuliwa na ugonjwa wa ajabu. Mnyama alikuwa na majani ya kutosha, lakini alikonda, manyoya yakasimama, ufizi ukawa mweupe kwa upungufu wa damu, na mwishowe akafa. Akihamishwa mapema kwenda malisho ya mahali pengine, alipona. Wazungu waliuita Nakuruitis. Huko New Zealand, katika nchi ya majivu ya volkeno, kulikuwa na ugonjwa uliofanana na huo kabisa. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo ilipojulikana kwamba kilichokosekana ni kobalti, madini ambayo vijidudu vya tumboni mwa ng'ombe na kondoo huihitaji ili kutengeneza vitamini B12. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno: gramu moja ya kobalti katika tani 10 za majani makavu yatosha. Chumvi ya kulamba iliyochanganywa na kobalti huondoa shida hiyo. Lakini mwenye mifugo asiyejua huendelea kununua dawa ya minyoo, na mnyama huendelea kukonda.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuuvua udongo huu nguo yake. Andosoli ikiwa na unyevu na mizizi ndani yake hustahimili mvua kubwa. Ikiachwa wazi juani ikakauka kabisa, hubadilika tabia: hugeuka unga mwepesi usiokubali kulowana tena kama mwanzo, na mvua ya kwanza huuelea unga huo na kuuchukua mtoni. Moto unaowashwa ili kupata majani mabichi waweza kuleta jambo hili, hasa mteremkoni. Vile vile mifugo wengi kupita kiasi. Wao huchagua nyasi laini na kuziacha ngumu, hata pole pole pakatawaliwa na nyasi ya manyatta, ambayo ng'ombe hawaipendi na ambayo haing'oki ila kwa jembe.

Kuanzia mwaka 1962, Kinangop, iliyokuwa mashamba makubwa ya walowezi, iligawanywa kwa wakulima wengi wenye vipande vidogo, na malisho mengi yakalimwa viazi na kabichi. Haikuwa rahisi kuwa vingine, kwani watu walihitaji kula. Lakini mafungu ya nyasi yalipolimwa, kulipungua pia ndege mmoja mwenye kifua cha manjano, Macronyx sharpei, asiyepatikana nchi nyingine yoyote isipokuwa Kenya. Yeye hujenga kiota ndani ya mafungu hayo, na hakai katika shamba lililolimwa.

Mkulima anayetaka kujua udongo wake ni wa namna gani achimbe mahali kumi au zaidi, kina cha sentimita 20, achanganye udongo huo katika ndoo safi, atoe kama nusu kilo na kuipeleka maabara. Sehemu ya mteremkoni isichanganywe na ya uwandani. Udongo asiuanike juani, bali aufunge ukiwa na unyevu wake, na awaeleze wapimaji kwamba umetoka katika nchi ya majivu, kwa maana ukikauka kabisa vipimo vingine hubadilika.