Mzee Aliyesoma Majalada

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwasimulie ya Marekani mwaka 1919. Vita Kuu imekwisha, bei za vyakula zimepanda, wafanyakazi wanagoma, na huko Urusi Wabolsheviki wameshika dola. Usiku wa Juni 2, bomu likalipuka mlangoni kwa A. Mitchell Palmer, Mwanasheria Mkuu, mjini Washington. Yeye na familia yake wakasalimika. Alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini waliotega mabomu walikuwa wachache, na walioadhibiwa wakawa maelfu.

Palmer aliijua njia ya mkato. Kumfunga mtu jela kunahitaji mahakama na ushahidi. Mgeni, kwa sheria ya mwaka 1918, aliweza kufukuzwa nchini kwa uamuzi wa ofisi tu, kwa kuwa mwanachama wa kundi linalotaka kuiangusha serikali, hata kama mikono yake haijagusa kitu. Kijana wa miaka 24, J. Edgar Hoover, akapewa kazi ya kukusanya majina ya washukiwa kwenye kadi. Desemba 21 meli Buford iling'oa nanga New York na watu 249 wakipelekwa Urusi. Mmoja wao, mwanaharakati Emma Goldman, alikuwa ameishi Marekani tangu 1885.

Kisha ukaja usiku wa Januari 2, 1920. Katika miji zaidi ya 30 askari walivamia kumbi na nyumba kuwakamata wageni, mara nyingi bila hati yoyote. Huko Detroit watu wapatao 800 walisongamanishwa kwa siku kadhaa kwenye ujia usio na madirisha, na choo kimoja. Fikirieni hilo, wanangu: choo kimoja! Boston waliokamatwa waliswagwa barabarani wakiwa na minyororo.

Hata hivyo, yenye mamlaka ya kuwafukuza ilikuwa Wizara ya Kazi, si Palmer. Hapo aliyekaimu uwaziri alikuwa Louis F. Post, mzee wa miaka 70. Alifanya jambo ambalo wengine hawakutaka kulifanya: alisoma majalada, moja baada ya jingine. Akakuta watu ambao majina yao yalihamishwa kutoka chama kimoja hadi kingine wenyewe bila kujua. Akafuta hati za kufukuza watu zaidi ya 1,000.

Wabunge wakataka Post aondolewe madarakani. Palmer naye alikuwa ametangaza kwamba Mei Mosi mapinduzi yangelipuka. Polisi wakakesha, siku ikapita salama. Siku chache baadaye Post alisimama mbele ya kamati ya Bunge, akaeleza kesi alizozisoma. Hoja ya kumwondoa ikafia hapo hapo.