Kuazima kwa Kiingereza
Maneno mawili ya Kiingereza, "borrow" na "lend", huwatatiza hata makarani hodari. Wala si ajabu, maana kwa Kiswahili mtu huazima jembe kwa jirani, na jirani naye humwazima. Neno ni lile lile kwa mwenye kutoa na mwenye kupokea. Mwingereza hutenga. "Borrow" ni kupokea kitu cha kurudishwa, na mwenye kitu hutajwa baada ya neno "from". "Lend" ni kutoa. Katika fedha Kiswahili nacho hutenga, tena vema: kukopa na kukopesha. Basi mkulima aliyekopa shilingi 100, akiandika "lend" mahali pa "borrow", amejigeuza kuwa mwenye kudai, na barua hiyo ikisomwa mbele ya wazee, aliyemwamini ndiye atakayeonekana mdeni.