Lutindi Yatukumbusha Thamani ya Utulivu

Msafiri atokaye visiwani, akavuka bahari na kushika njia ya Korogwe katika Mkoa wa Tanga, hufika mahali akaiacha barabara kuu na kuanza kupanda milima ya Usambara. Kadiri anavyopanda ndivyo honi na ngurumo za malori zinavyompungukia, na masikio yake huanza kupokea sauti ndogo ndogo alizokwisha kuzisahau: upepo majanini, maji yateremkayo bondeni, jogoo awikaye ng'ambo ya pili. Huko juu ndiko iliko Lutindi, ambako kwa zaidi ya karne moja watu walioelemewa na maradhi ya akili wamekuwa wakipelekwa ili watunzwe na kutibiwa.

Historia ya mahali hapo yapaswa kutugusa sisi watu wa visiwani. Mwaka 1896, katika siku za utawala wa Wajerumani huko bara, wamisionari walifungua Lutindi makao ya watoto waliotolewa utumwani. Ulikuwa mwaka mmoja tu kabla ya amri ya 1897 iliyoondoa uhalali wa utumwa katika Unguja na Pemba. Mwaka 1904 makao hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miaka sita kabla ya kuanzishwa ile ya Mathari, Nairobi, na zaidi ya miaka ishirini kabla ya Mirembe, Dodoma. Leo iko chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki. Hivyo nyumba iliyojengwa kwa ajili ya waliopokonywa uhuru wa miili ikawa kimbilio la waliokosa amani ya nafsi.

Tusidanganyane: utulivu peke yake hauponyi maradhi ya akili. Dawa zina nafasi yake na waganga wana kazi yao. Lakini Lutindi imejulikana pia kwa tiba ya kazi. Mgonjwa aliye na nafuu hashindi ameketi akiukodolea macho ukuta, bali hushiriki katika shamba la chai, kilimo na kazi za mikono. Mtu achumaye chai hufanya tendo moja, kisha jingine lililo kama hilo, mkono ukifuata mkono, na nafsi iliyotawanyika hupata njia ya kupita. Siku yenye mpango, kazi yenye mwendo na usiku wenye kimya ni msaada mkubwa kwa yule ambaye kichwani mwake hamna kimya.

Elimu ya sasa nayo inatuunga mkono. Mwaka 2006 Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia, na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti waliowafanyia watu 24, nusu yao wanamuziki. Muziki wa kasi uliwaongezea pumzi na mapigo ya moyo. Ajabu ni kwamba utulivu mkubwa kabisa haukuonekana katika wimbo wowote, hata ule wa taratibu, bali katika kimya cha dakika mbili kilichowekwa katikati ya nyimbo. Katika kimya hicho mapigo ya moyo na shinikizo la damu vilishuka kuliko hata kabla muziki haujaanza. Maana yake ni kwamba sauti njema huuandaa moyo, na kimya kinachoifuata huutuliza.

Wazee wetu waliyajua hayo bila vipimo. Aliyewahi kuketi katika dhikri, au kuwatazama wachezaji wa Maulidi ya Homu wakiinama na kuinuka kwa pamoja mithili ya mawimbi, anafahamu jinsi pumzi za watu wengi zinavyoweza kuwa pumzi moja, na jinsi ukimya unaofuata unavyokuwa mtamu. Kwa hiyo hatuipigi vita sauti. Tunachotaka kupambanua ni sauti ambayo mtu ameiendea kwa hiari yake na ile inayomfuata kitandani kwake bila idhini.

Hii ya pili ndiyo iliyotujaa. Vipaza sauti vya matangazo hupita mitaani tangu asubuhi. Maduka mawili yaliyopakana hushindana kwa muziki, na mnunuzi asisikie bei. Katika vyombo vya abiria mzee hulazimika kusikiliza asilolitaka mpaka mwisho wa safari. Usiku sherehe ya mtu mmoja huwa mkesha wa mtaa mzima. Jicho lina kope, lakini sikio halina. Huendelea kupokea hata tukiwa usingizini, na mwili hushituka ijapokuwa mwenyewe hakuamka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilisema kwamba makelele ya mfululizo ndani ya chumba cha kulala yasizidi desibeli 30. Na ieleweke kwamba kila zikiongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa imezidi mara kumi.

Wanaoumia kwanza ni wale wasioweza kulalamika. Yupo mtoto mchanga, yupo mwanafunzi anayekabiliwa na mtihani, na yupo mgonjwa. Hebu tumfikirie yule aliyetoka Lutindi, au hospitali yetu ya Kidongo Chekundu, akiwa amepata nafuu. Kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuyarudisha maradhi yake. Itafaa nini Serikali kugharimia dawa mchana, ikiwa usiku tunamnyang'anya usingizi?

Sheria hazikosekani. Tanzania Bara ilitunga mwaka 2015 kanuni za viwango vya kudhibiti makelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Zanzibar nayo ina Sheria yake ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015, na Mamlaka ya kuisimamia. Kinachotakiwa ni utekelezaji. Tunawaomba wakuu wa wilaya, mabaraza ya miji na masheha wahakikishe kwamba kila kibali cha ngoma au mkutano kinataja saa ya kumaliza, na kwamba saa hiyo inaheshimiwa, awe mwenye shughuli ni mnyonge au mkubwa. Mazingira ya hospitali na shule yatengwe kuwa mahali pa kimya. Na mwananchi anayekwenda kulalamika asionekane mchawi wa furaha za wenziwe.

Lakini si haki kuibebesha Serikali mzigo ulio wetu. Redio iliyo sebuleni haikuwashwa na ofisa yeyote. Kila nyumba inaweza kutenga saa moja kwa siku ambayo sauti zote za mitambo huzimwa, watu wakazungumza, au wakanyamaza pamoja bila haya. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, nao aghalabu walikuwa wakionya juu ya hatari inayonyemelea. Sisi tunaongeza kwamba makelele mengi nayo yana mshindo wake, nao hupigwa ndani ya vifua vya watu, mahali ambapo jirani hausikii.